Kivinjari kipi kinafaa kwa kuandika ratiba yenye jedwali, na kwa nini mpangilio unavurugika baada ya kutuma?

Njia_ya_Marangu (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada wa wanaojua. Kazi ni kuandaa ratiba na bei za safari za mlima na kuziweka kwenye tovuti tatu tofauti za wasafiri. Ratiba inaandikwa kwenye Word, inanakiliwa, inabandikwa, inatumwa. Ndani ya kisanduku cha kuandikia kila kitu kimekaa sawa. Ikishatumwa, hovyo.

Jedwali la vituo na mwinuko linakuwa mstari mmoja mrefu. Neno ng'ambo linatokea kama ngâ€™ambo. Nikiandika kwenye mabano kwamba gari linaondoka saa 8, ile 8 pamoja na mabano ya kufunga inageuka kikatuni chenye miwani ya jua. Kwenye simu, nikitoka kwenda WhatsApp kuchukua namba ya mteja, nikirudi ukurasa unajipakia upya na maandishi yote hayapo.

Vifaa: laptopu ya Windows 10 yenye RAM ya GB 4, na simu ya Android yenye RAM ya GB 2. Kwenye laptopu ni Chrome, kwenye simu ni Opera Mini kwa sababu ya bando. Je, nihamie Firefox? Au tatizo liko kwingine?

Fundi_Sakina (Arusha)

Karibu mkuu. Nianze na kivinjari maana ndicho unachokishuku, na kwa hili la jedwali hakina kosa. Ukitoka Chrome kwenda Edge au Opera ya kompyuta hutaona tofauti, kwa kuwa zote tatu zinatumia injini moja ya kuchora kurasa, Blink. Edge ilihamia huko Januari 2020. Firefox ina injini yake, Gecko, lakini kanuni ya HTML, lugha inayojenga kurasa za wavuti, ni ile ile kwa wote: nafasi kumi zikifuatana, au Tab, au Enter, huhesabiwa kuwa nafasi moja. Kisanduku cha kuandikia kinazihifadhi nafasi zako, ukurasa ukishachorwa hauzihifadhi. Ukipanga safu za namba kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, lazima zianguke.

Word nayo inaongeza tatizo. Ukinakili kutoka humo, vinachukuliwa vitu kadhaa kwa mpigo: maandishi matupu, RTF (maandishi yenye mitindo), na HTML iliyojaa mitindo inayoanza na mso-. Kisanduku chenye vitufe vya herufi nene na rangi kinachagua ile HTML, ndiyo maana unaliona jedwali zuri kabla ya kutuma. Ukituma, seva ya tovuti inachuja lebo zote za HTML isizoziruhusu. Lebo ya jedwali ikiwa haimo kwenye orodha yake, inatupwa, yanabaki maneno yaliyokuwa ndani.

Kwa hiyo bandika maandishi matupu: Ctrl+Shift+V kwenye Chrome, Edge na Firefox. Kwenye Safari ya Mac ni Option+Shift+Command+V. Tovuti ikiwa imeuteka mkato huo kwa matumizi yake, pitisha maandishi Notepad kwanza, kisha yanakili tena kutoka huko. Notepad ya Windows 10 haibebi mitindo yoyote.

Baada ya hapo ndipo unapanga upya, kwa lugha ya tovuti husika. Lugha za kawaida ni tatu. Ukiona mabano ya mraba kama [b]neno[/b], hiyo ni BBCode. Ukiona nyota kama \*\*neno\*\*, ni Markdown. Ukiona <b>neno</b>, ni HTML. Kama hujui, andika neno moja kwa namna zote tatu, bonyeza kitufe cha kuhakiki, uone lipi limekuwa nene. Ni sekunde ishirini tu, na zinaokoa nusu saa ya kurekebisha.

Kwa Markdown jedwali linaandikwa hivi:

```
| Kituo   | Mwinuko (m) |
|:--------|------------:|
| Mandara |       2,720 |
| Horombo |       3,720 |
| Kibo    |       4,720 |
| Uhuru   |       5,895 |
```

Mstari wa pili ni wa lazima. Nukta mbili upande wa kulia wa vistari ndizo zinazosogeza namba kulia ili tarakimu zikae chini ya mwenzake. Acha mstari mtupu kabla ya jedwali, la sivyo tovuti nyingi zitaliunganisha na aya iliyotangulia na hakuna jedwali litakalotokea. Majedwali hayakuwemo kwenye Markdown ya asili ya mwaka 2004, yaliongezwa baadaye, kwa hiyo kuna tovuti za Markdown zisizoyajua kabisa.

Kwa BBCode, mara nyingi hakuna jedwali. Tumia [code] na [/code]: ndani yake herufi zote zina upana sawa na nafasi zinahifadhiwa. Panga kwa kitufe cha nafasi, usitumie Tab, kwa sababu upana wa Tab unabadilika kutoka tovuti moja hadi nyingine. Mstari usizidi herufi 40 hivi, maana wasomaji wengi wako kwenye simu na mstari mrefu utawalazimisha kuvuta ukurasa pembeni.

Jambo moja zaidi kuhusu Markdown, kwa kuwa waandika ratiba hukwama hapo sana. Ukipiga vistari vingi chini ya sentensi ili kutenganisha siku na siku, sentensi iliyo juu ya vistari inageuka kichwa cha habari kikubwa. Acha mstari mtupu katikati. Nyota ya kuonyesha maelezo ya bei iandikie mkwaju wa nyuma mbele yake, \\\*, isije ikalaza maneno.

Binti_Njoro (Moshi)

Kaka Fundi amelimaliza la jedwali. Mimi nichukue ng' na simu.

Hiyo â€™ chanzo chake ni Word. Unabonyeza alama iliyonyooka ('), Word inaibadilisha iwe iliyopinda (’). Kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi unaotumika sasa, alama iliyopinda inahifadhiwa kwa baiti tatu. Tovuti ya zamani inayosoma kwa Windows-1252, mfumo wa herufi wa zamani, inazichukua baiti hizo moja moja, na kila moja inakuwa herufi yake: â, kisha €, kisha ™. Alama iliyonyooka ni baiti moja na ni ile ile katika mifumo yote miwili, ndiyo maana haiharibiki.

Izime kwenye chanzo. Word: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, fungua AutoFormat As You Type, ondoa tiki kwenye mstari wa kwanza unaohusu nukuu. Kwa alama moja tu, bonyeza Ctrl+Z mara tu inapopinda, itarudi kunyooka. Kwenye iPhone ni Settings, General, Keyboard, zima Smart Punctuation.

Kwetu sisi wa Kiswahili hili ni zaidi ya urembo. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa: kwa kompyuta ’ na ' ni herufi mbili tofauti. Mtu akitafuta ndani ya tovuti kwa alama iliyonyooka, na wewe uliandika iliyopinda, hifadhidata nyingi hazitampa chapisho lako. Mteja anatafuta, kazi yako ipo, na haimfikii.

Machapisho ambayo tayari yameharibika: kwenye Firefox bonyeza Alt ili menyu itokee, nenda View, kisha Repair Text Encoding. Ikikubali na maneno yakanyooka, basi data ni nzima na kosa ni la ukurasa kujitambulisha vibaya. Ikiwa imefifia au haibadilishi kitu, uharibifu umeshahifadhiwa kwenye seva na hakuna kivinjari cha kuurekebisha. Fungua chapisho, andika upya alama zile.

Emoji nazo ziangalie. Hifadhidata za MySQL (programu ya kuhifadhi machapisho kwenye seva) zilizowekwa utf8 ya zamani zinapokea herufi za baiti tatu mwisho, na emoji nyingi ni baiti nne. Matokeo yake chapisho linakatika pale pale ilipo emoji na yote yaliyofuata yanapotea. Ukiona tangazo limeishia katikati ya sentensi, tazama emoji ya kwanza ilikuwa wapi.

Kikatuni cha miwani ni programu ya tovuti kuona 8 ikifuatwa na mabano. Tafuta chini ya kisanduku chaguo la kuzima vikatuni kwenye chapisho hilo. Lisipokuwepo, andika (saa 8 mchana), tatizo limekwisha, na mgeni naye hatachanganya na saa 8 ya usiku.

Sasa simu. Opera Mini kwenye hali yake ya kubana kabisa haijengi ukurasa ndani ya simu. Seva za Opera zinaujenga, zinaubana, zinakuletea uliokwisha kupikwa. JavaScript, yaani msimbo unaoendesha vitufe vya ukurasa, inakimbia huko kwenye seva kwa muda mfupi tu, wakati visanduku vyenye vitufe vinaitegemea kila unapobonyeza herufi. Kwa kusoma habari ni nzuri sana na bando linadumu. Kwa kuandika ratiba yenye jedwali haifai. Ingia kwenye mipangilio ya kubana data, chagua hali ya kati, au andikia kwenye kivinjari kingine.

Maandishi kupotea ukienda WhatsApp si kosa la kivinjari. RAM ya GB 2 haitoshi programu zote mbili, Android inaua iliyo nyuma, na ukirudi kichupo kinapakiwa upya. Andika kwenye programu ya kumbukumbu za simu, ile inayojihifadhi yenyewe, kisha bandika mwishoni. Na popote pale, kabla ya kubonyeza Tuma, fanya Ctrl+A na Ctrl+C, au kwenye simu gusa kwa muda, chagua yote, nakili. Tovuti nyingi zinakutoa kwenye akaunti baada ya muda wa kukaa kimya; ukibonyeza Tuma unaletewa ukurasa wa nywila, na maandishi yanabaki kwenye nakala yako peke yake.

Njia_ya_Marangu (Moshi)

Asanteni sana, dada na kaka. Nimejaribu: tovuti moja ni Markdown, mbili ni BBCode. Jedwali limekaa.

Mawili yamebaki. Kivinjari kipi basi kwa RAM ya GB 4? Na picha: za simu zinakataliwa kwa ukubwa, zinazokubaliwa nyingine zinalala ubavu. Pia kuna kompyuta ya ofisini yenye Windows 7, je bado inafaa?

Kaloleni_Net (Arusha)

Windows 7: Chrome ya mwisho kukubali hapo ni toleo la 109 la mwanzoni mwa 2023. Firefox ya mwisho ni ESR 115 (toleo linalotunzwa muda mrefu). Kati ya hizo mbili chukua ESR 115, kwa sababu iliendelea kupewa viraka vya usalama muda mrefu baada ya Chrome kuacha. Lakini usiingize nywila za benki wala za akaunti ya biashara humo. Itumie kuandika na kupanga tu.

Picha. Simu ya megapikseli 12 inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani MB 3 hadi 5. Ukurasa wa kawaida hauhitaji zaidi ya upana wa pikseli 1280. Punguza hadi hapo, hifadhi kama JPEG kwa ubora wa 80, utapata kama KB 200 hadi 350. Ya msitu wenye majani mengi itakuwa nzito kuliko ya theluji ya kileleni, kwa kuwa JPEG inabana vizuri sehemu zilizo laini.

Kulala ubavu kunatokana na EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili ya picha. Simu haigeuzi picha yenyewe, inaandika tu ndani ya faili kwamba “ioneshwe imegeuzwa”. Vivinjari vya sasa vinatii maelezo hayo, lakini tovuti ikiifuta EXIF bila kuigeuza picha, inabaki imelala. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri, izungushe mara moja kisha irudishe, hifadhi upya. EXIF hiyo hiyo inaweza kubeba mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo za nyumbani kwa mtu au za mteja zifute maelezo hayo kabla ya kuziweka.

iPhone ikitoa faili za HEIC (aina ya faili ya picha), Chrome haitazionesha. Kwenye mipangilio ya kamera chagua Most Compatible, itapiga JPEG.

Fundi_Sakina (Arusha)

Kwa kivinjari nasema Firefox, na sababu yangu ni bando. Kwenye Android inakubali viendelezi (programu ndogo za kuongeza), kikiwemo kizuia matangazo cha uBlock Origin kamili. Ndani yake unaweza kuweka kikomo kwamba faili za picha na video zinazozidi KB kadhaa zisipakiwe hadi uziguse, na kuzuia fonti za mbali. Chrome ya kompyuta imeshaondoa uwezo wa uBlock Origin kamili kufanya kazi. Imebaki ile nyepesi.

Binti_Njoro (Moshi)

Hapo kaka natofautiana kidogo. Kwa simu ya GB 2, Firefox pamoja na kiendelezi inalemea. Kwa laptopu ya GB 4 yoyote kati ya hizo mbili inatosha ikiwa vichupo havizidi sita au saba. Ukibaki na Chrome washa Memory Saver ndani ya Performance, na tovuti unazoandikia ziweke kwenye orodha ya zinazobaki hai siku zote. Bonyeza Shift+Esc uone kichupo kipi kinakula RAM. Kwenye Firefox andika about:processes sehemu ya anwani. Mara nyingi utakuta ni ukurasa wa video au ramani uliousahau umefunguka, wala si kile unachoandikia.

Na kwa wenye iPhone wanaosoma uzi huu: huku kwetu kubadilisha kutoka Safari kwenda Chrome au Firefox hakutatibu tatizo la kubandika, kwa kuwa kwenye iPhone zote zinatumia injini ya WebKit.

Njia_ya_Marangu (Moshi)

Nimeelewa. Laptopu nabaki na Chrome, kwenye simu naweka kivinjari cha kawaida kwa kutuma na Opera Mini kwa kusoma tu. Swali dogo la mwisho: bei kama TSh 45,000 inakatika, TSh inabaki mwisho wa mstari na namba inashuka chini.

Fundi_Sakina (Arusha)

Weka nafasi isiyokatika kati yake. Kwenye HTML andika `TSh 45,000`, na Markdown nyingi zinaikubali hiyo hiyo. Kwenye BBCode haikubaliki, itatokea kama ilivyo. Hapo, ukiwa Windows, shikilia Alt na uandike 0160 kwenye kibodi ya namba ya kulia, Num Lock ikiwa imewashwa. Ikiwa laptopu yako haina kibodi ya namba, fungua Character Map, chagua No-Break Space, inakili. Fanya hivyo hivyo kwa 5,895 m.