Alama za mtihani wa akili zinatabiri lolote kuhusu kwotabeki? Na viungo wetu je?

Kocha_Gombani (Chake Chake)

Assalaam alaykum wadau. Swali langu lina sehemu mbili. Ya kwanza iko Marekani. Kwa miaka mingi vijana wanaoingia NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, walipewa mtihani wa akili uitwao Wonderlic, na aliyekuwa akisemwa zaidi ni kwotabeki, yule anayepokea mpira nyuma ya ukuta wa wenzake na kuamua arushe, amkabidhi mwengine au akimbie nao. Je, aliyepata alama nyingi alifanikiwa zaidi kweli?

Ya pili iko hapa Pemba. Akademi ya vijana chini ya miaka 15 inataka kutumia mtihani wa akili (IQ) kuamua nani acheze nambari sita, yaani kiungo anayekaba, na nani nambari nane, kiungo anayepanda mbele, kwa kuwa hao ndio wanaousoma mchezo. Karatasi zimeshapakuliwa mtandaoni, zote za Kiingereza. Naomba majibu yenye hesabu. Hayo ya "akili ni nywele" tunayajua.

Mzee_wa_Yadi (Michenzani)

Waalaykum salaam kocha. Wonderlic ni maswali 50 kwa dakika 12, wastani wa sekunde 14.4 kwa swali. Ulibuniwa miaka ya 1930 na Eldon Wonderlic kwa ajili ya kuchuja waombaji kazi wa kawaida, na kwenye NFL ukashika miaka ya 1970, timu ya Dallas Cowboys ya kocha Tom Landry wakiwa miongoni mwa waliotangulia. Alama 20 ni ya mtu wa wastani, karibu sawa na IQ 100. Maswali yake ni ya namna hii: daftari moja shilingi 400, kwa shilingi 6,000 utapata mangapi? Au: neno gani kati ya haya matano halifanani na mengine? Hamna hata swali moja lenye mpira ndani yake.

Alama hazikutangazwa rasmi, zilikuwa zikivuja, kwa hiyo zichukue kama zilivyoripotiwa. Angalia darasa moja tu, la drafti ya 2005, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wa vyuo. Ryan Fitzpatrick wa Harvard alipata 48, Alex Smith 40, Aaron Rodgers 35. Fitzpatrick alichaguliwa wa 250, akacheza misimu 17 katika timu tisa, na hakucheza hata mechi moja ya mtoano. Smith alichaguliwa wa kwanza kabisa na miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya tabu. Rodgers alichaguliwa wa 24 na amekuwa mchezaji bora wa ligi mara nne. Ukiwapanga kwa alama na ukiwapanga kwa mafanikio, aliye juu huku yuko chini kule.

Nje ya darasa hilo mambo ni hayo hayo. Dan Marino inasemwa alipata 15 au 16, na mwaka 1984 alirusha yadi 5,084. Lamar Jackson 13, mchezaji bora wa ligi 2019 na tena 2023. Blaine Gabbert 42, akachaguliwa wa 10 mwaka 2011, na hakuwahi kuwa kwotabeki wa kutegemewa.

Utafiti nao upo. Lyons na wenzake, 2009, walichukua wachezaji 762 wa nafasi zote na hawakuona uhusiano wa maana kati ya alama na uchezaji. Berri na Simmons, 2011, waliwatazama makwotabeki peke yao: alama ilisaidia kueleza nani anachaguliwa mapema, ila haikueleza nani atacheza vizuri. Mwaka 2022 NFL wakauondoa kwenye majaribio ya wachezaji wapya yanayofanyika Indianapolis. Kwa mimi jibu ni hapana.

Bi_Hesabu (Mbweni)

Kaka Mzee_wa_Yadi, takwimu zako ni sahihi lakini hitimisho limekwenda mbali kuliko ushahidi. "Hatukuona uhusiano" ni jambo moja, "hakuna uhusiano" ni jambo jengine, na kwa makwotabeki tofauti hiyo ni kubwa.

Kocha yuko Pemba, nitumie karafuu. Ukitaka kujua kama ukavu unaathiri bei, kisha ukapima magunia ya daraja la kwanza peke yake, utaona ukavu hauna athari yoyote, kwa sababu zote zimeshakauka. Ndivyo ilivyo kwa hawa vijana. Aliyefika drafti ameshachujwa skuli, ameshachujwa chuo kikuu, na wale walioshindwa kukariri mipango ya mchezo walishahamishiwa nafasi nyengine zamani. Mtawanyiko wa alama umebanwa.

Hesabu yake ni hii. Kwenye kazi za kawaida, uhusiano wa mtihani wa akili na utendaji ulikuwa ukitajwa kuwa 0.51, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili (Schmidt na Hunter, 1998). Sackett na wenzake, 2022, wakaupunguza hadi 0.31. Tuseme na kwa makwotabeki ungekuwa 0.31. Mtawanyiko ukibanwa hadi nusu, kinachobaki kuonekana ni kama 0.16, yaani alama inaeleza chini ya asilimia 3 ya tofauti za uchezaji. Ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kugundua uhusiano mdogo hivyo unahitaji watu wapatao 300. Drafti za 2020 hadi 2024 kila moja ilitoa makwotabeki kati ya 9 na 14. Utakusanya zaidi ya miaka 20, na katika muda huo sheria za mchezo zimebadilika na mnachopima si kile kile tena.

Halafu kuna kipimo cha mafanikio, na hapa ndipo panaponikera. Asiyepewa dakika hana takwimu, kwa hiyo anatoka kwenye hesabu kimya kimya. Anayecheza, takwimu zake zimechanganyika na ukuta unaomlinda na wapokeaji wake. Na mtihani wenyewe mawakala walikuwa wakiwafundisha vijana wao kuufanya. Vince Young iliripotiwa alipata 6, akarudia akapata 16. Akili haipandi hivyo kwa siku chache. Akaja kuwa mshambuliaji chipukizi bora wa ligi 2006.

Jibu langu basi: kwa kuchagua kati ya watu waliokwisha kuchujwa, alama hiyo haina kazi. Kuhusu kama akili inamsaidia kwotabeki, data hizi haziwezi kusema.

Kiungo_Mkabaji (Wete)

Dada Bi_Hesabu kaliweka sawa. Niongeze kazi ya kwotabeki ilivyo, maana ndipo swali la pili la kocha linapojibika.

Kazi yake ina vipande viwili. Kabla ya mpira kuanza anasikia maelekezo ya kocha kwa redio ndani ya helmeti, na redio hiyo hukatwa saa ya kuhesabu muda wa kuanzisha mpira ikibakisha sekunde 15. Kipande hicho kina kukariri na kupanga, na pengine mtihani wa karatasi unakigusa kidogo. Mpira ukishaanza ana kama sekunde mbili na nusu hadi tatu kabla ya kurusha. Hapo ni macho na mazoea: beki wa kati karudi au kapanda? Sekunde 14 za karatasi haziingii humo.

Ndiyo maana likaja jaribio la S2, la kwenye kompyuta, linalopima kasi ya kuona na kuamua. Nalo limeyumba. Mwaka 2023 zilivuja alama za Bryce Young, 98 kwa 100, na C.J. Stroud, 18. Young akachaguliwa wa kwanza, Stroud wa pili. Stroud akarusha yadi 4,108 msimu huo na pasi zake tano tu zikanaswa. Timu ya Young ilishinda mechi mbili kati ya 17. Lakini tusimuonee: timu yake ilikuwa dhaifu pande zote, na watu wawili hawathibitishi kitu.

Sasa kocha, karatasi zile weka pembeni. Mtoto wa miaka 13 akipewa swali la Kiingereza unapima Kiingereza chake, na wastani wa kulinganishia ni wa watu wazima wa Marekani. Pima kitu kilicho ndani ya kazi ya nambari sita. Geir Jordet wa Norway amechunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa kuhesabu mara ngapi mchezaji anageuza shingo kabla ya kupokea mpira, na waliotazama zaidi walifikisha pasi zaidi. Simu moja inatosha. Mpiga picha akae juu jukwaani, amfuate mchezaji mmoja tu. Kosa la kwanza la kila mtu ni kufuata mpira, na video nzima inakuwa haina kazi. Chukua sekunde 10 kabla ya kila mpokeo. Hesabu kila uso unapoondoka kwenye mpira kutazama kwengine. Kuinamisha kichwa hakuhesabiki.

Kocha_Gombani

Ahsanteni sana. Mipokeo mingapi inatosha kwa mtoto mmoja? Na nitajuaje kuwa hesabu yenyewe ni ya kuaminika?

Bi_Hesabu

Usishuke chini ya mipokeo 30 kutoka mechi mbili au zaidi, na mechi moja iwe dhidi ya timu inayobana. Wahesabuji wawe wawili, kila mmoja peke yake, kwenye video ile ile. Wakitofautiana mara kwa mara, elezeni upya kipi ni kugeuza shingo, kisha mrudie. Halafu gawa mipokeo ya kila mtoto makundi mawili, ya shufwa na ya witiri, mtazame kama mpangilio wa watoto unafanana kwenye makundi yote mawili. Uhusiano ukiwa chini ya 0.7, ongeza mechi kabla hujampanga mtu.

Kiungo_Mkabaji

Na linganisha sita kwa sita, nane kwa nane. Nane hupokea akiwa ameipa mgongo goli na hugeuka kwa sababu tofauti. Jengine: usiwaambie watoto kinachohesabiwa. Wakijua tu, watatikisa vichwa kutwa nzima bila kuona kitu.