Mrejesho: bega langu na fibromayalgia

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza hapa: nina fibromayalgia (ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu mwili mzima), msuli wa bega ukavutika nikinyanyua ndoo ya maji, je nilale tu au nijinyooshe? Asanteni kwa majibu.

Nililala siku 3. Kosa! Mwili mzima ukakakamaa, hata kukamua nguo ikawa mtihani. Mtaalamu wa viungo akasema bega lipumzike ila miguu itembee: dakika 5 asubuhi, 5 jioni, niongeze polepole. Usiku, taulo la maji moto. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ilituliza bega tu. Yale maumivu yanayozunguka mwilini haikuyagusa, na daktari alishanionya. Amitriptilini, dawa ya fibromayalgia ninayomeza usiku, naendelea nayo, usingizi umerudi kiasi.

Sasa natembea dakika 20. Ndoo najaza nusu, mama mkwe na anune.