Alinivua Miwani Mbele ya Kamati Nzima ya Harusi

Nne_na_Nusu:
Ndugu wanajukwaa, ninaandika haya mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa kuwa nimetoka kikaoni saa moja tu iliyopita. Mhusika simtaji, wala sina haja ya kumtaja, kwa sababu hakuna mkazi wa Dar es Salaam ambaye hajashikwa mkono naye msibani, harusini au kwenye foleni ya maji, akaambiwa kwamba macho yake ni mazima kabisa ila damu ndiyo haizunguki.

Alinivua miwani. Sikuivua mimi, aliivua yeye, kwa vidole vyenye mafuta ya sambusa, wakati nikiinuka kuwasalimu wazee waliochelewa. Akaitia katika mfuko wa shati lake, akaniamuru nisugue viganja mpaka vipate moto, niyafunike macho kwa dakika tano, kisha niyazungushe kulia mara ishirini na kushoto mara ishirini, huku akiieleza kamati kwamba miwani ndiyo inayoyalemaza macho. Nilitii, maana mjomba wa bwana harusi alikuwa akinitazama. Nilipofumbua, niliona mama mtu mzima amesimama konani, amejitanda kitenge cha rangi ya machungwa, nikamwendea kwa adabu, nikainama, nikasema, “Shikamoo, mama.” Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Ilikuwa feni, ndugu zangu, feni ya kusimama iliyofunikwa kitenge ili isiingie vumbi, na watu waliokuwa wamenuna tangu bajeti isomwe walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko wake.

Namba yangu ya miwani ni -4.50 macho yote mawili, yaani kitu kikivuka kama sentimita 22 kutoka usoni pangu huanza kuyeyuka. Jicho langu limerefuka kupita kiasi, hivyo taswira hutua mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kutua juu yake, na damu hata ikizunguka kama basi la mwendokasi haitalifupisha. Lakini hayo tuyaache. Alinivua miwani, nikaiamkia feni.

Bibi_Darubini:
Pole sana, ndugu. Naomba kufahamu kama feni hiyo hatimaye iliitikia marahaba, au ilitikisa kichwa tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Fundi_Fremu:
Huyo bwana amechelewa miaka mia moja. Daktari William Bates wa New York alichapisha kitabu mwaka 1920 akidai kwamba miwani haihitajiki, bali mtu afunike macho kwa viganja na hata kulielekea jua, jambo ambalo linaweza kuunguza retina. Alidai jicho hulenga kwa misuli ya nje inayolizungusha, ilhali kazi hiyo hufanywa na lenzi ikibadilishwa umbo na msuli mdogo uliomo ndani. Nchini China wanafunzi wamekandishwa pembezoni mwa macho shuleni tangu mwaka 1963, na bado vijana wa huko ni miongoni mwa wanaoongoza duniani kwa kutoona mbali.

Mtoro_wa_Hisabati:
Mbona mimi nilifanya mazoezi hayo mwezi mzima, nikashuka kutoka -1.00 hadi -0.50?

Fundi_Fremu:
Huenda msuli huo wa ndani ya jicho lako ulikuwa umekakamaa kwa kuinamia simu, ukaonekana huoni mbali kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana mtoto hutiwa matone ya kuulegeza msuli huo kabla ya kupimwa. Wewe hukupona, ulipumzika.

Nne_na_Nusu:
Ninaona hakuna aliyegusia mafuta ya sambusa. Lenzi bado zina ukungu.

Mama_Mapacha:
Ndugu, wewe umevuliwa miwani mara moja. Mimi ninaishi na mama mkwe anayewanywesha wanangu juisi ya karoti asubuhi na jioni ili waache miwani, mpaka viganja vyao vimegeuka njano na mwalimu akawarudisha nyumbani akidhani ini limeharibika. Daktari alimweleza kwamba karoti hazilifupishi jicho, na kwamba ni afadhali watoto wacheze nje mchana, hata saa mbili kwa siku, kwani mwanga wa nje hupunguza uwezekano wa tatizo hili kuanza. Sasa mama mkwe analalamika kwamba jua litawababua wajukuu wake, na karoti zimeongezwa.

Kobe_wa_Kariakoo:
Kwangu ni kaka yangu, ambaye huazima miwani yangu kila kukiwa na mechi, kisha hunirudishia na kuniambia kwamba namba yangu haimfai.

Nne_na_Nusu:
Samahani, uzi huu ulihusu feni.

Bibi_Darubini:
Mama Mapacha, hiyo juisi ya karoti mnaitia tangawizi au ndimu peke yake?

Mama_Mapacha:
Vyote viwili, dada, na karoti zikwanguliwe tu, zisimenywe.