Rufaa za wagonjwa kutoka visiwani: mafuta ya boti yanaingizwaje kwenye bajeti?

Mkazi wa Irugwa
Wakuu, salaam. Ukerewe, huku Ziwa Victoria, ina visiwa 38, na vingi vikiwa na huduma ni zahanati tu. Bwisya kule Ukara walijengewa kituo cha afya kwa fedha za rambirambi za kivuko cha MV Nyerere, kilichozama Septemba 2018. Ila mgonjwa wa kufikishwa hospitali ya Bugando, Mwanza, bado lazima avuke maji. Mama akitokwa damu usiku, rufaa inaandikwa upesi, kisha ndugu wanaanza kuchangishana mafuta mwaloni. Kijiji kifanye nini, na lini, ili fedha hiyo iwe kwenye bajeti?

Mpangaji
Mkuu, wengi wanaponzwa na kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa Novemba na Desemba. Vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani linakaa Januari au Februari, na Bunge linaanza kujadili Aprili. Ombi la mwezi Machi linasubiri mwaka mwingine.

Halafu msiandike "tunaomba boti". Boti ni fedha ya maendeleo, inanunuliwa mara moja na kukatiwa utepe. Mafuta, matengenezo na posho ya nahodha ni matumizi ya kawaida, na bajeti ikibanwa hayo ndiyo hukatwa kwanza. Ndiyo maana boti za wagonjwa zinaozea ufukweni huku msingi wa jengo jipya unachimbwa. Inauma sana.

Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Afya wa Pamoja, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati. Mpango wake hupita kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo wananchi wana wajumbe humo. Hapo ndipo mafuta ya rufaa yaandikwe, kwa lita.

Nahodha wa Nansio
Lita zenyewe ni hizi. Mashine ya nguvu farasi 40, ya viharusi viwili, ikikimbizwa kwa kasi hula lita 15 hadi 18 kwa saa. Safari ya kwenda ikichukua saa moja na nusu na kurudi vivyo hivyo, weka lita 54, na oili lita moja na kidogo kwa uwiano wa 1 kwa 50. Rufaa nne kwa mwezi ni lita 216, kwa mwaka 2,592. Ongeza robo kwa ajili ya siku ziwa likichafuka.

Boti ya wagonjwa huharibika kwa kukaa. Petroli iliyochanganywa oili ikilala miezi, inaacha utomvu na jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha mafuta, inaziba. Usiku mnavuta kamba hadi mikono inakufa ganzi. Iwashwe kila wiki dakika kumi, ikiwa ndani ya maji. Impela, yaani feni ya pampu ya maji ya kupoza mashine, huliwa na mchanga: ukiona maji hayaruki kwenye kitundu cha nyuma, zima kabla haijaungua. Akiba iwe impela moja na plagi mbili. Na jaketi okozi kwa kila anayepanda, mgonjwa akiwemo.

Muuguzi
Kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, pigeni 115 kwanza, ni bure. Mfumo wa m-mama hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana huita dereva wa jamii aliyesajiliwa, na mfumo ndio unaomlipa. Ulizeni halmashauri kama mwalo wenu una nahodha aliyesajiliwa.

Na friji ya sola msiisahau kwenye bajeti hiyohiyo. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu kwa aliyejifungua, inataka nyuzi joto 2 hadi 8. Betri ikichoka dawa inapoteza nguvu: mama anachomwa yuniti 10 na damu haikatiki, na safari bado haijaanza.

Mkazi wa Irugwa
Asanteni sana. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, tutalipeleka huko. Tuambatanishe nini?

Mpangaji
Muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, na rejesta ya rufaa za mwaka mmoja yenye safu tatu: saa ya uamuzi, saa boti ilipoondoka, saa ya kufika. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya pili piga mstari kwa kalamu nyekundu. Nakala moja mpeni diwani mkononi kabla ya Desemba.