Wakopeshaji wanaotupigia simu bila kuombwa, nani anawadhibiti?

ChakiNyeupe:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kanda ya Ziwa, kuna jambo limenichosha naomba tusaidiane. Tangu nipande daraja simu za watu wa mikopo hazikauki. Namba ni za kawaida kabisa, laini za mitandao yote, unapokea ukijua ni mzazi wa mwanafunzi kumbe mtu anakutajia majina yako yote matatu, "mwalimu hongera, una nafasi ya kukopa hadi milioni kumi na nane, nikujazie fomu leo hela iingie kesho?"

Juzi kapiga dada mmoja, sauti ya upole tu, akaniambia "naona unakatwa laki mbili na kumi na nne benki fulani na deni linaisha mwakani mwezi wa nane, sisi tunalinunua, yaani tunakulipia huko halafu unadaiwa na sisi, na tunakuongezea juu yake". Wakuu, hiyo ni hesabu iliyoko kwenye salary slip yangu, hata mke wangu haijui, wala hajui deni linaisha mwezi gani. Nikamuuliza umeitoa wapi akasema "kwenye mfumo mwalimu". Mfumo upi? Akakata. Nikampigia, haipatikani.

Sasa nauliza, hili kisheria limekaaje? Nalalamika wapi, TCRA wa mawasiliano, BoT yaani Benki Kuu ya Tanzania, au polisi? Na tafadhali msiniambie nisipokee namba ngeni, mwalimu asiyepokea namba ngeni ipo siku mtoto ataumia shuleni mzazi anampigia hampati.

MbebaFaili:
Mkuu hapo umechanganya mambo mawili, tuyatenganishe. La kwanza ni simu yenyewe ya kukuuzia mkopo. La pili ni mtu wa nje kujua makato yako, na hilo ndilo zito.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mle ndani una haki ya kumwambia yeyote aache kutumia taarifa zako kwa matangazo ya biashara, na una haki ya kuuliza ana taarifa gani zako. Anayekusanya taarifa anatakiwa awe amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitumie kwa sababu ile ile aliyozichukulia. Mwajiri wako alichukua taarifa zako akulipe mshahara, hakuzichukua akutafutie mkopeshaji. Ukitoa taarifa za mtu kinyume cha sheria kuna faini na kifungo, na kampuni ikikutwa na hatia faini inaweza kufika bilioni 5, hapo sio utani.

Kwa hiyo kuhusu makato yako nenda Tume. Kuhusu tabia ya taasisi yenyewe, BoT wana kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, utaratibu wake unaanza kwa kuilalamikia taasisi kwanza, kwa maandishi, wakikuzungusha ndio unapanda BoT. TCRA namba 15040 ile ni ya kuripoti matapeli, kama unahisi huyo dada sio wa taasisi yoyote mripoti huko.

NesiWaZamu:
Mimi nitakuwa tofauti kidogo, msinirushie mawe. Nilipigiwa hivyo hivyo, nilikuwa nimekaliwa na mkopo wa riba mbaya, jamaa akaninunulia deni, makato yakashuka na nikamalizia kuezeka. Nisingepigiwa nisingejua kama kuna kitu kinaitwa kununua deni. Mkizipiga marufuku hizi simu kabisa atakayeumia ni mtumishi wa kijijini ambaye tawi la benki liko kilomita sitini, yeye simu ndiyo tawi lake.

ChakiNyeupe:
Nesi nakuelewa na nafurahi ulipata unafuu. Lakini alikuambia muda mpya wa mkopo umekuwa miaka mingapi? Maana mimi huyu dada kila nikiuliza jumla nitakayorudisha anarudi kwenye makato ya mwezi, makato ya mwezi, makato ya mwezi.

NesiWaZamu:
Miaka saba. Ule wa kwanza ulikuwa umebakiza mitatu. Hapo kweli sikupiga hesabu vizuri ndugu yangu.

AfisaMstaafu_Mikopo:
Nimefanya hiyo kazi, mauzo ya mikopo ya watumishi, acha niwaambie inavyoendeshwa maana watu wanadhani kuna mtambo mkubwa wa kidukuzi. Hakuna. Kuna faili la Excel linazunguka WhatsApp. Jina, cheki namba (namba ya mtumishi kwenye malipo ya mshahara), kituo cha kazi, simu, mshahara, makato. Linatoka kwa mtu wa ndani, mahali penyewe panatofautiana, anapewa chake anatuma. Mwezi unaofuata linauzwa tena kwa maafisa wa taasisi nyingine, ndio maana ukipanda daraja au deni likikaribia kuisha wanakuja kama kumbikumbi, wote wameona mstari ule ule.

Na anayekupigia mara nyingi sio mwajiriwa. Ni dalali wa komisheni, hana mshahara, laini ya kwake, vocha ya kwake, asipofikisha lengo la mwezi hapati kitu. Ukienda kulalamika tawini meneja anakuambia kwa uso mkavu "huyo hatumtambui", na kwenye makaratasi yuko sahihi kabisa, ila fomu ukijaza kupitia huyo huyo asiyetambulika inapokelewa na mkopo unatoka. Kubloku hakusaidii, ana laini nyingine. Kilichokuwa kinatutisha sisi ni mteja anayesema "nitumie ofa yako kwa maandishi, jina la taasisi, tawi na jina lako". Wengi tulikuwa tunaishia hapo.

Jingine, kwa utaratibu mtumishi anatakiwa abaki na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Ukisikia mtu anakuambia "hiyo theluthi tunaipitisha" hapo kimbia, anataka kukusajilia kitu pembeni ya mfumo, na kadi yako ya benki wataomba waishike.

Kisauni_254:
Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tulianza na zile app za mikopo, mtu anakopa elfu mbili, akichelewa siku mbili wanampigia mamake, bosi, hata fundi wa gari, kila mtu aliye kwenye simu yake. Watu waliaibishwa vibaya sana. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, na kanuni za 2022 za CBK, Benki Kuu yetu, zikakataza kabisa mkopeshaji wa kidijitali kusumbua watu walioko kwenye simu ya mdaiwa. Lakini niwaambie ukweli, kanuni peke yake hawakuiogopa. Kilichoanza kubadilisha ni faini zenye jina la kampuni. 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliwapiga kampuni ya mikopo ya Whitepath faini ya milioni 5 za Kenya, na Septemba mwaka huo Mulla Pride, wenye app za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya. Na hizo kesi zilitoka kwa wananchi waliolalamika. Kuhusu matangazo, kanuni zetu za 2021 zinataka uwe umekubali na upewe njia rahisi ya kujitoa. Simu bado zipo, siwadanganyi, lakini leo ukimuuliza mtu namba yangu umetoa wapi anajua hilo swali linaweza kumfikisha mahali.

MbebaFaili:
Kwetu za app nazo zimeguswa, Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Ila mwalimu hapigiwi na app, anapigiwa na taasisi zenye leseni ukutani, na hapo ndipo pengo lilipo. Maelezo ya Afisa yamenionyesha kitu. Tukisubiri kumkamata dalali mmoja mmoja hatufiki. Inatakiwa taasisi iliyotoa mkopo ndiyo iulizwe, huyu mteja mlimpataje, idhini yake iko wapi, na ikishindwa kuonyesha iadhibiwe yenyewe, dalali awe anatambulika asitambulike. Fedha zimetoka kwao na riba inaingia kwao.

ChakiNyeupe:
Asanteni sana, Afisa umenifungua macho. Nimeshaandika tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yote aliyosema kuhusu makato. Kesho naandika barua mbili, moja Tume na nyingine kwa mkurugenzi wa halmashauri kumuuliza nani anaingia kwenye taarifa zetu za mishahara. Hapa shuleni tuko kumi na tisa na karibu wote wamepigiwa, nitawaomba tusaini pamoja. Afisa, tukikuomba utusomee rasimu kabla haijaenda utakubali?

AfisaMstaafu_Mikopo:
Nitumie inbox mwalimu. Na kwenye hiyo ya mkurugenzi ongeza ombi moja, aseme ni nani alifungua taarifa zako na lini. Mfumo ukifunguliwa kwa jina la mtu kumbukumbu inabaki, ukiuliza jumla jumla watakujibu jumla jumla.