Kuruka viunzi na kuruka viunzi na maji: tofauti ni maji tu?

Kocha wa Muda: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Nimekabidhiwa timu ya riadha ya shule. Ratiba inasema "mita 400 kuruka viunzi". Hiyo na ile ya maji si kitu kimoja, ukitoa dimbwi?

Nyayo: Hapana. Ya 400 ina viunzi 10, kila mtu njia yake: mita 45 hadi cha kwanza, 35 kati ya kimoja na kingine, 40 za kumalizia. Ya maji ni mita 3000, wanabanana, viunzi mara 28 na maji mara 7. Kinachochanganya watu ni kimo: sentimita 91.4 wanaume, 76.2 wanawake, kote kote.

Babu wa Uwanja: Uganda wana dhahabu za Olimpiki kote kuwili: Akii-Bua kwenye mita 400, Munich 1972, sekunde 47.82, Chemutai kwenye maji, Tokyo. Sisi Watanzania tuna fedha ya Bayi ya maji, Moscow 1980. Vijana wa sasa wanawaza bodaboda tu.

Nyayo: Babu, kaulizia viunzi. Kocha, haraka ya nini?

Kocha wa Muda: Kusema kweli fundi ameshachomelea kumi. Bomba za chuma, miguu ndani ya zege. Havitikisiki. Na hela ya shule imeshatoka.

Nyayo: Vitavunja watoto magoti! Cha 400 lazima kianguke upau wake wa juu ukisukumwa mbele kwa nguvu ya kilo 4 hivi. Miguu yake huelekea anakotoka mkimbiaji, ukikigeuza hakianguki. Kisichoanguka ni cha maji, na huko ruksa kukanyaga juu.

Kocha wa Muda: Basi nitawafundisha kukanyaga.

Mpiga Filimbi: Chai hii. Njia sita, viunzi kumi kila njia, ni sitini. Huyu ana kumi. Hana shule wala fundi.

Kocha wa Muda: Si chai. Kimoja kinakatiza njia zote sita, kama goli.

Mpiga Filimbi: Mungu wangu. Ni kweli.

Nyayo: Kwenye 400 wanaanza kwa kupishana, wa njia ya nje mbele zaidi, na viunzi hupishana vilevile. Viwili vya mwisho tu ndivyo hukaa mstari mmoja.

Kocha wa Muda: Fundi anasema anaweza kukata kila bomba vipande sita.

Nyayo: Akate, vipande avitumie kutengenezea fremu. Upau wa juu uwe mbao, upana sentimita 118 hadi 120. Kiunzi kizima kisipungue kilo 10. Na zege asiguse tena.