Wanataka uboho wangu kwa ajili ya kaka, safari ni tarehe 19. Nitoe?

BintiPangani
Wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za usiku. Naomba ushauri, usingizi sina.

Kaka yangu ana miaka 34. Tangu mwaka jana damu haikai mwilini. Anaongezewa chupa mbili, wiki mbili baadaye tuko kitanda kile kile. Akipiga mswaki fizi zinavuja. Ukimshika mkono kwa nguvu kidogo panabaki doa kama la wino. Pletileti zake, zile chembe za kugandisha damu, juzi zilikuwa elfu 11, na mtu mzima anatakiwa aanzie elfu 150. Madaktari wanasema uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umechoka, halafu kuna seli zimeanza kubadilika, zikiachwa itakuwa lukemia, saratani ya damu. Dawa ni kupandikizwa. Tumepimwa, mimi ndiye nimeshabihiana naye. Tunaenda India.

Je, kutoa uboho kunauma? Nina miaka 29, sijazaa. Kuna madhara?

MzeeNgamiani
Marahaba binti yangu, pole sana. Toa, usiulize. Damu nzito kuliko maji. Mimi mwaka 1998 mdogo wangu alipata ajali ya basi Segera, nikatolewa damu nimesimama mlangoni maana vitanda vilijaa. Leo ana wajukuu. Kila Idi ananiletea kitoweo kabla hajala yeye.

DadaLulu
Pole mdogo wangu. Siku hizi wengi hutoa kupitia mshipa wa mkono. Unachomwa sindano siku nne au tano, seli zinatoka kwenye uboho na kuingia kwenye damu, kisha mashine inazichuja. Mifupa inauma kama ya homa, panado inasaidia. Wengine hutolewa kwenye nyonga wakiwa wamelazwa usingizi. Kuzaa utazaa.

FundiDarubini
Niko maabara miaka mingi, naomba niulize kabla hujapanga begi. Uboho kuchoka kwenye miaka 34 una sababu. Kwenye ukoo wenu kuna aliyeugua mapafu au ini? Mvi za mapema? Na picha yako wewe ya damu ilisomaje?

BintiPangani
Baba alifariki na miaka 52, mapafu. Alimeza dozi ya TB mara mbili na makohozi hayakuonyesha kitu. Mvi ni za ukoo tu, hata shangazi zangu wanazo. Mimi niko mzima, nafanya kazi zangu zote.

FundiDarubini
Swali la mwisho hujalijibu, dada.

MtumishiJoel
Baba mapafu, mtoto damu. Hiyo ni laana inashuka kizazi hadi kizazi. Fungeni siku tatu, familia nzima, hata wale msioongea nao.

MsafiriMuscat
Suala la TB limenigusa. Mama yangu naye alikohoa miaka miwili, kila zahanati dawa zile zile. Nilipompeleka kwa bingwa, picha ilionyesha mapafu yamejaa makovu, yamekakamaa kama sifongo kavu. Sikuwahi kujua kwamba kikohozi kinaweza kuwa ndugu wa ugonjwa wa damu. Fundi, endelea.

KiparaMombasa
Poleni. Nyinyi mna mvi, mimi nywele zilinihama na miaka 25. Nami nikapime?

BintiPangani
Sawa, nasema. Pletileti zangu zilikuja elfu 98. Nesi akasema huenda ni malaria iliyopita, nikaikubali hiyo. Napaka piko tangu kidato cha pili, nina mvi kichwa kizima, hata mchumba wangu hajui. Kwenye fomu ya mtoaji kuna swali la magonjwa ya ukoo, nikaandika HAKUNA.

Msinihukumu. Mama ameuza shamba la minazi. Ukoo umechanga, tiketi zimekatwa. Nikifungua mdomo safari inakufa, na kaka anakufa. Elfu 98 si elfu 11.

FundiDarubini
Hakuna wa kukuhukumu hapa. Ila nisikilize.

Kanga ukiinunua haijapindwa. Ukiifua hivyo hivyo, kila mara nyuzi chache zinachomoka pembeni. Kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, nazo zina pindo, linaitwa telomea. Kila seli inapogawanyika pindo linapungua kidogo. Yupo fundi wa kulipinda upya, kimeng'enya kinachoitwa telomerasi. Elizabeth Blackburn na Carol Greider walikigundua mwaka 1984 kwenye kijidudu cha majini, na mwaka 2009 wakapata Nobel pamoja na Jack Szostak.

Kuna koo zinazorithi hitilafu kwa fundi huyo, kwenye jeni kama TERT au TERC. Mara nyingi, mzazi akiwa na hitilafu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mtoto anazaliwa pindo likiwa fupi tayari, ndiyo maana ugonjwa huwahi zaidi kila kizazi. Uboho hugawanya seli usiku na mchana, hivyo huchoka mapema. Seli nzima zikiisha, zile zenye kasoro hupata nafasi ya kutawala, na hapo ndipo lukemia inapoingilia. Mapafu yakakamae, ini lipate makovu, nywele ziwe nyeupe ujanani, chanzo kinaweza kuwa kimoja.

Sasa, kama unayo hitilafu hiyo, utampa kaka uboho uliochoka kama wake. Uboho huo unaweza usishike kabisa. Na madaktari wasipojua, watamsafisha uboho wa zamani kwa dozi kali ya dawa ambayo mapafu na ini lake havitaihimili. Kwa wagonjwa wa aina hii dozi hupunguzwa. Hiyo HAKUNA uliyoandika ndiyo inayoweza kumuua.

JichoKali
Wakuu hii chai. Akaunti ya juzi, binti wa Pangani anajua pletileti mpaka namba, siri inatolewa kwa awamu kama tamthilia. Subirini, kesho inawekwa namba ya michango. Na huyo Fundi huenda ni mtu yule yule.

MzeeNgamiani
Hata mimi nimeanza kusita. Mwaka jana tulimchangia mtu wa figo humu, kumbe hakuna mgonjwa.

DadaLulu
Ameuliza kama kunauma, hajaomba hata mia. Anayeuguza miezi kumi anajua namba kuliko daktari. Mimi nilijua za mwanangu wa selimundu kichwani, mpaka leo nazitaja.

JichoKali
Nimeuliza tu. Tumeumwa na nyoka, jani likitikisika tunaruka.

BintiPangani
Sina namba ya kuweka. Nimetoka kuosha kichwa. Maji ya beseni ni meusi, na taulo la mama limeharibika. Mkitaka kuamini aminini.

Fundi, kuna mtu Kariakoo anauza vidonge vya kurefusha hizo telomea. Nikimeza kabla ya tarehe 19?

FundiDarubini
Hapana, usimeze. Pindo refu kupita kiasi nalo lina balaa lake. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza koo zenye hitilafu ya jeni ya POT1. Telomea zao ni ndefu mno, na wanapata uvimbe na saratani za damu, kwa kuwa seli yenye kasoro inaishi muda mrefu na kuzidi kujikusanyia makosa. Ipo danazoli, dawa ya homoni. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2016 uliwapa wagonjwa 27, na wengi damu yao ikapanda. Lakini hiyo huandikwa na bingwa, ina madhara kwenye ini.

Kesho mpigie daktari wa India. Mwambie baba, mvi, elfu 98. Omba wewe na kaka mpimwe urefu wa telomea na jeni. Mna ndugu mwingine wa tumbo moja?

BintiPangani
Yupo, Salimu. Waligombana na kaka kwa ajili ya nyumba ya baba, hakuitwa kupimwa.

MtumishiJoel
Si nilisema msioongea nao?

BintiPangani
Wakuu, nimepiga. Daktari alinyamaza, kisha akaniuliza mvi zilianza lini. Hakunigombeza. Safari imesogezwa, tiketi tumekatwa faini, mama amelia jikoni akidhani sijamsikia. Kaka nimemwambia mwenyewe, kichwa wazi bila mtandio. Akanigusa nywele, akasema, "Kama za baba."

Salimu yuko Korogwe. Amesema atakuja ila hana nauli. Nimemtumia sasa hivi.

DadaLulu
Akifika tujulishe. Na kucha zake uzitazame, Fundi atakuambia kwa nini.